Kalisi, Oksaleti na Ukuaji wa Mifupa ya Farasi Wachanga katika Malisho ya Nyasi za Kitropiki

Mtoto wa farasi huzaliwa akiwa na takriban asilimia 10 ya uzito wa farasi mzima, na anapotimiza mwaka mmoja huwa amekwisha kupata sehemu kubwa ya kimo chake. Kutokana na kasi hiyo, kosa la lishe katika miezi ya mwanzo huweza kuacha kasoro ya kudumu mifupani. Kwa farasi anayetarajiwa kufikia kilo 500, viwango vilivyochapishwa Marekani na Baraza la Taifa la Utafiti mwaka 2007 vinampa mtoto wa miezi 6 takriban gramu 39 za kalisi na gramu 21.5 za fosforasi kwa siku. Uwiano wa madini hayo una umuhimu sawa na kiasi chake: fosforasi haipaswi kuizidi kalisi.

Hatari ya kuuvunja uwiano huo ilijulikana zamani kwa farasi wa wasaga nafaka, waliolishwa pumba kwa kuwa zilipatikana kwa urahisi. Fosforasi katika pumba za ngano huizidi kalisi kwa takriban mara 9. Fosforasi inapozidi hivyo, ufyonzwaji wa kalisi hupungua, na tezi za parathiroidi hutoa homoni inayoichota kalisi kutoka mifupani ili kiwango chake katika damu kisishuke. Nafasi iliyoachwa hujazwa na tishu za nyuzinyuzi. Taya na mifupa ya uso huvimba, na mnyama huanza kuchechemea.

Tatizo hilohilo lilijitokeza kwa sura nyingine huko Queensland, Australia, katika miaka ya 1970, safari hii kwa farasi waliokuwa wakila majani mabichi tu. Malisho yao yalikuwa ya nyasi za kitropiki zenye asili ya Afrika, zikiwamo setaria na kikuyu. Hii ya pili inabeba jina la Wakikuyu wa nyanda za juu za Kenya. Nyasi hizo zina oksaleti, ambayo hushikamana na kalisi na kuifanya isifyonzwe katika utumbo mwembamba. Ng'ombe hunawiri katika malisho hayohayo, kwa kuwa bakteria wa tumbo lake la kwanza huivunja oksaleti kabla chakula hakijafika utumboni. Bakteria wa farasi wanaishi zaidi katika utumbo mpana, baada ya sehemu inayofyonza kalisi kwa wingi kupitwa. Kwa hiyo unene wa ng'ombe si kipimo cha ubora wa malisho kwa farasi.

Ugumu mkubwa uko katika utambuzi. Uchambuzi wa kawaida wa majani hupima kalisi yote, iliyofungwa na isiyofungwa, hivyo nyasi hatari huweza kuonekana zinatosheleza. Kipimo cha damu nacho huweza kuonesha kiwango cha kawaida, kwani homoni imekwisha kufidia upungufu kwa kuidhoofisha mifupa. Kigezo kinachofaa zaidi ni uwiano wa kalisi na oksaleti: unaposhuka chini ya 0.5, farasi wako hatarini. Majani ya alfalfa, ingawa nayo yana oksaleti, yana kalisi nyingi kiasi cha kubakiza ya kutosha kufyonzwa. Chokaa ya kulishia mifugo pia husaidia.

Hata hivyo, kuongeza kalisi hakutibu kila kasoro. Nafaka nyingi zinazotolewa ili mtoto anenepe kabla ya mnada huhusishwa na dosari za gegedu kwenye viungo, na kumfungia bandani huinyima mifupa mzigo unaoiimarisha. Shaba, inayohitajika katika uundaji wa gegedu, ni haba katika maziwa ya farasi. Mtoto hutegemea akiba iliyohifadhiwa kwenye ini lake akiwa tumboni, hasa katika miezi ya mwisho ya mimba. Nyongeza ya shaba, kwa sababu hiyo, huelekezwa kwanza kwa mama katika kipindi hicho.