Pumzi Ndiyo Mizani: Namna ya Kuisikia Kilam ya Wakurdi

Mwimbaji wa hadithi za Wakurdi huitwa dengbêj: deng ni sauti, bêj ni kusema. Huketi, akaweka kiganja sikioni, na mara nyingi hana ala yoyote. Utungo wake unaitwa kilam, nao huanza kwa mwito mrefu. Akiita "lo", anayeitwa ni mwanamume. Akiita "lê", ni mwanamke. Silabi moja tu, na wasikilizaji wameshajua nani anamlilia nani. Ndiyo maana mzee mwenye mvi anaweza kuita "lo lo" kwa nafsi ya msichana aliyeozwa asikotaka, na hakuna anayeshangaa.

Baada ya mwito, maneno humiminika mbio, karibu yote katika kimo kimoja cha sauti. Mstari huu mfupi, unaofuata mrefu mara tatu. Sisi tuliolelewa na tenzi tutaanza kuhesabu mizani, na hatutapata kitu. Ubeti hushikwa na kina kimoja cha mwisho kinachorudi na kurudi mpaka pumzi inakaribia kukata. Hapo sauti huvutwa, ikashuka, ubeti ukafungwa. Kina kikibadilika, ujue ubeti mwingine umefunguliwa.

Si kwamba Wakurdi hawajui kuhesabu. Huko Hawraman, milimani kati ya Irani na Iraki, siyaçemane huimbwa kwa mistari ya mizani 10, iliyokatwa katikati, 5 kwa 5. Dilok za harusini nazo ni mistari mifupi inayopokezanwa na makundi mawili ya wachezaji, maana miguu haiwezi kungoja pumzi ya mtu mmoja. Kazi ya utungo ndiyo inayochagua umbo.

Kuna pia beyt, neno la Kiarabu lililotupa sisi "beti". Kwa Wakurdi limekuja kumaanisha kisa kizima kirefu, kama kile cha ngome ya Dimdim, iliyozingirwa na jeshi la Shah Abbas wa Irani mwaka 1609 hadi 1610. Mtaalamu wa Kijerumani Oskar Mann alinakili beyt nyingi kutoka midomoni mwa waimbaji wa eneo la Mukriyan, akazichapisha kuanzia 1906. Kazi kubwa, lakini karatasi haikuweza kubeba ule mvuto wa sauti mwishoni.

Redio iliubeba. Kuanzia 1955 Redio Yerevan ya Armenia ilirusha matangazo ya Kikurdi, na huko ndiko lilikovuma jina la Karapetê Xaço, Mwarmenia aliyeachwa yatima na mauaji ya Waarmenia ya 1915 akawa dengbêj mkubwa. Nchini Uturuki, sheria ya 1983 iliipiga marufuku lugha ya Kikurdi hadi 1991, na kaseti za nyimbo hizo zilipita mkono kwa mkono kwa siri.

Basi ukikutana na kilam kitabuni, usiihukumu kwa mistari yake isiyolingana. Tafuta rekodi kwanza, usikilize pale mwimbaji anapovuta pumzi.