"Dord": Neno Lisilokuwa na Msemaji

Katika utungaji wa kamusi huchukuliwa kwamba matumizi hutangulia kidahizo: watu husema au huandika neno, kisha mtungaji hulirekodi. Neno la Kiingereza "dord" lilifuata njia ya kinyume.

Neno hili lilitokea mwaka 1934 katika toleo la pili la Webster's New International Dictionary, kamusi kubwa iliyochapishwa Marekani na kampuni ya G. & C. Merriam. Lilielezwa kuwa nomino ya fizikia na kemia yenye maana ya densiti, yaani uwiano wa tungamo ya kitu na ujazo wake. Lilipewa hata matamshi.

Chanzo chake kilikuwa kijikaratasi cha tarehe 31 Julai 1931, kilichotoka kwa Austin M. Patterson, mhariri wa kemia. Kiliandikwa "D or d", yaani "D au d", kwa kusudi la kuonyesha kwamba herufi hiyo, kubwa au ndogo, ni kifupisho cha densiti. Wakati huo vidahizo vilipigwa chapa kwa kuachanisha herufi. Kijikaratasi kilipowekwa kimakosa pamoja na vya maneno kamili, herufi zote nne zilisomwa kwa mfululizo, na kiunganishi "or" kikamezwa ndani ya nomino.

Kosa liligunduliwa tarehe 28 Februari 1939, mhariri alipotambua kwamba neno hilo halikuonyeshwa asili yake. Philip B. Gove alieleza kisa hiki katika jarida la American Speech mwaka 1954.

Maneno ya aina hii W. W. Skeat aliyapa jina mwaka 1886, akiyafananisha na mizuka. Mzuka hauna budi kutofautishwa na istilahi mpya. Istilahi, hata kabla ya kuenea, ina muundaji aliyeikusudia na dhana inayoihitaji. "Dord" haikukusudiwa na mtu yeyote, na dhana yake tayari ilikuwa na jina.

Kisa hiki chadhihirisha kwamba kategoria, matamshi na fasili vyaweza kutungwa mezani, lakini matumizi hayawezi. Laiti ingalidaiwa sentensi moja tu iliyowahi kuandikwa kwa neno hilo, lisingaliingia kamusini. Leo "dord" hutajwa na wanaleksikografia, lakini kama jina la kosa lenyewe, si la densiti.