Neva, Figo na Shinikizo la Juu la Damu: Ufafanuzi wa Ugonjwa na Suala la Istilahi, kwa Kurejelea Wilaya za Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza namna mfumo wa neva na figo zinavyoshirikiana kupandisha shinikizo la damu, na kuonyesha kuwa maneno tunayoyatumia kuutaja ugonjwa huu yanaweza kumwongoza au kumpotosha mgonjwa. Hoja ya msingi ni kwamba usemi wa kila siku umeutambua upande mmoja tu wa ugonjwa, yaani upande wa neva, na kuuacha gizani upande wa figo. Kasoro hiyo si ya lugha pekee. Anayeamini kuwa ugonjwa wake ni mawazo tu hana sababu ya kuendelea kumeza dawa mawazo yakishatulia.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zinafaa kuwa mahali pa kulitazama suala hili. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na wenyeji wake, Wahangaza na Washubi, wana lugha zenye unasaba wa karibu na Kirundi na Kinyarwanda. Biharamulo inawakutanisha Wasubi, Wasukuma, Wahaya na wengineo. Mgonjwa anayefika katika hospitali za Murgwanza, Rulenge, Nyamiaga au Biharamulo kwa kawaida huzungumza na tabibu kwa Kiswahili, ambacho kwa wengi ni lugha ya pili, juu ya taaluma ambayo tabibu mwenyewe alisomea kwa Kiingereza. Hivyo maana inavushwa mara mbili kabla ya kumfikia anayeihitaji.

2.0 Presha, Mshipa na Figo

Neno presha lina maana mbili zinazoingiliana. Maana ya kwanza ni ugonjwa. Ya pili ni wasiwasi, kama katika usemi "usinipe presha". Mwingiliano huo unamfanya msikilizaji aone kuwa ugonjwa na wasiwasi ni kitu kimoja. Usemi rasmi nao hauna usalama kamili. Tunaposema kuwa mtu fulani "ana shinikizo la damu", kwa hakika hatujasema lolote, kwani kila aliye hai analo. Bila shinikizo damu isingefika kichwani. Ugonjwa ni shinikizo la juu la damu, ambalo kwa kigezo kinachotumiwa na wengi huanzia vipimo vya 140 kwa 90, vikithibitishwa kwa kupimwa zaidi ya mara moja.

Mshipa ni neno pana zaidi. Hutaja njia ya damu, hutaja neva (mshipa wa fahamu), na hata maradhi ya ngiri. Upana huo hauko katika Kiswahili peke yake: katika Kirundi na Kinyarwanda, neno umutsi hutumika kwa mshipa wa damu na pia kwa kano. Kinyume chake, figo ni neno bayana na kongwe, lenye mwenziwe impyiko katika Kinyarwanda. Jambo la kushangaza, basi, ni kuwa kiungo chenye jina lililo wazi kuliko yote ndicho kinachotajwa kwa nadra presha inapozungumzwa.

3.0 Kazi ya Neva

Shinikizo la damu hutegemea mambo mawili: kiasi cha damu ambacho moyo husukuma kwa dakika, na ukinzani ambao damu hukutana nao katika ateri ndogo. Neva huyatawala yote mawili kwa haraka. Tuchukue mfano wa mama anayepanda kilima cha Ngara akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Ubongo hutuma ishara kwa neva za simpathetiki, ambazo hufanya kazi bila utashi wa mtu. Moyo huongeza mapigo, baadhi ya mishipa ya damu husinyaa, na shinikizo hupanda. Akifika juu na kupumzika, hali hurejea. Katika ateri za shingo na katika mkuta hupatikana vipokezi vinavyohisi mtanuko wa kuta za mishipa na kuutaarifu ubongo, nao hupunguza ishara zake. Mambo haya hutokea kwa sekunde chache.

Hofu, hasira na huzuni hupitia njia hiyohiyo. Kwa hiyo wanaosema kuwa mawazo hupandisha presha hawakukosea. Kosa liko katika hitimisho lao kwamba presha hukoma mawazo yakikoma. Vipokezi tulivyovitaja huzoea: shinikizo likidumu juu kwa siku kadhaa, huanza kulichukulia kuwa la kawaida. Mgonjwa naye huenda asihisi dalili yoyote.

4.0 Kazi ya Figo

Katika mapumziko, figo hupokea takribani sehemu moja ya tano ya damu yote inayotoka moyoni. Kila siku huchuja majimaji yapatayo lita 180 na kuyarudisha karibu yote mwilini, isipokuwa lita moja hadi mbili zinazotoka kama mkojo. Shinikizo linapopanda, figo zenye afya hutoa chumvi na maji zaidi. Ujazo wa damu hupungua na shinikizo hushuka. Kazi hii huchukua saa na siku, lakini haichoki upesi kama ya vipokezi vya neva. Kutokana na ukweli huo, mwanafiziolojia Mmarekani Arthur Guyton alijenga hoja kwamba shinikizo la juu haliwezi kudumu ikiwa figo hazijabadilika na kulikubali. Kwa maneno mengine, figo ndizo zinazoweka kiwango ambacho mwili utakirudia.

Figo zina silaha nyingine. Mwaka 1898, Robert Tigerstedt na Per Bergman, mjini Stockholm, waligundua kuwa dutu iliyotolewa katika figo za sungura hupandisha shinikizo la damu, waliiita renini. Leo tunajua kuwa renini huanzisha mfululizo wa kemikali unaozalisha anjiotensini, ambayo husinyaza mishipa na kuchochea homoni ya aldosteroni, nayo huzifanya figo zizuie chumvi. Mwaka 1934, Harry Goldblatt alibana ateri za figo za mbwa na shinikizo likapanda. Figo iliyopungukiwa damu hudhani kuwa mwili mzima umepungukiwa.

5.0 Neva Zinapokutana na Figo

Mifumo hii miwili haifanyi kazi kila mmoja peke yake. Neva za simpathetiki hufika ndani ya figo na kufanya mambo matatu: huchochea utoaji wa renini, huongeza urudishaji wa chumvi, na husinyaza ateri zinazoingiza damu. Vilevile zipo neva zinazotoka figoni kwenda kwenye ubongo. Figo iliyodhurika hupeleka ishara, ubongo huongeza msukumo wa simpathetiki, na msukumo huo huilemea figo tena. Kwa kuwa shinikizo la juu nalo huharibu mishipa midogo ya figo, mduara hukamilika: athari hugeuka kuwa sababu.

Ushahidi wa karibu nasi ulitolewa na utafiti wa Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini magharibi mwa Kenya, ambao matokeo yake yalichapishwa na Neil Poulter na wenzake mwaka 1990. Shinikizo la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la waliobaki kijijini. Uwiano wa sodiamu kwa potasiamu katika mkojo wao uliongezeka, dalili ya mabadiliko ya chakula ambayo figo zililazimika kuyakabili. Na mapigo ya moyo yao yalikuwa ya kasi zaidi, jambo linaloashiria neva. Pande zote mbili zilionekana kwa watu walewale.

Tiba nayo inathibitisha uhusiano huo. Tangu mwaka 2009 zimechapishwa taarifa za kuunguza neva za figo kwa waya unaopitishwa ndani ya ateri. Jaribio kubwa la mwaka 2014 halikuonyesha nafuu kuliko tiba bandia, lakini majaribio yaliyofuata yalionyesha upungufu wa kiasi wa shinikizo, na Marekani iliidhinisha vifaa vya tiba hiyo mwaka 2023.

6.0 Athari kwa Matumizi ya Lugha

Utafiti uliofanywa Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa chini ya mtu mmoja kati ya watano wenye shinikizo la juu ndiye aliyejua kuwa analo, na waliodhibitiwa ipasavyo hawakufika mmoja kati ya mia. Bei na umbali wa dawa ni sehemu ya sababu. Lakini maelezo anayopewa mgonjwa ni sehemu inayotuhusu sisi wanalugha.

Istilahi hazikukosekana. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kinachohitajika ni matumizi yenye nidhamu. Kwanza, isemwe shinikizo la juu la damu pale ugonjwa unapokusudiwa. Pili, mshipa usiachwe peke yake: uwe mshipa wa damu, na kwa maana ya pili litumike neno neva. Tatu, figo zitajwe kila mara ugonjwa unapoelezwa. Mkulima wa Biharamulo akiambiwa apunguze chumvi "kwa sababu ya presha", haoni uhusiano wa chumvi na mawazo yake. Akiambiwa kuwa chumvi huzilazimisha figo kubaki na maji, na maji hayo huijaza mishipa ya damu, ushauri huwa na mantiki. Vivyo hivyo ndizi, chakula cha kawaida katika wilaya hizi, zina potasiamu inayosaidia figo kutoa sodiamu. Ila ambaye figo zake zimeshadhoofika sana afuate ushauri wa daktari, kwa kuwa potasiamu huweza kumdhuru.

7.0 Hitimisho

Tumeeleza kuwa neva hupandisha shinikizo kwa sekunde, na figo hulidumisha kwa miaka. Usemi wa wananchi umeiona sekunde, na haukuiona miaka. Haifai kuudharau usemi huo, kwa kuwa una chembe ya kweli, inafaa kuukamilisha. Mgonjwa wa Ngara anayelijua neno impyiko au figo tayari ana nusu ya maelezo mkononi. Ni wajibu wa tabibu, na wa mwanaistilahi anayemwandalia tabibu maneno, kumpa nusu iliyobaki, ili dawa imezwe hata siku ambayo moyo umetulia.