Mabawa Yaanze kwa Mwalimu

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Marekani na Ulaya, watu walianza kufunga injini ndogo kwenye mabawa ya kitambaa. Ndipo zilipozaliwa ndege nyepesi za mtu mmoja au wawili.

Anayetamani mchezo huo Ngara au Biharamulo tunamwambia wazi: asianze kwa kununua chombo, aanze kwa mwalimu na kibali. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi; akipitiliza kidogo Mto Kagera pale Rusumo, amekwisha kuvuka mpaka. Pori la Biharamulo nalo, tangu 2019, limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Isitoshe, jua likipanda, hewa ya moto huinuka vilimani na kuyumbisha chombo. Ndiyo maana wajuzi huruka alfajiri. Ndugu zetu wa visiwani wanalielewa hilo, kwani hawasukumi mtumbwi kabla ya kuutazama upepo.

Serikali nayo ina wajibu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga iyaeleze masharti kwa Kiswahili chepesi, na maofisa wa wilaya wayafahamu. Kijana anayenyimwa maelezo leo, kesho ataruka bila kibali, na sote tutabaki kumlaumu marehemu.