Takács: Mkono wa kulia ulilipuliwa, wa kushoto ukaleta dhahabu mbili

LONDON, mwaka 1948. Olimpiki imerudi baada ya miaka 12 ya ukame uliosababishwa na vita. Huko Bisley, nje ya jiji, ambako walenga shabaha wanapigania medali, bingwa wa dunia wa bastola, Muargentina Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente, anakutana na jamaa mmoja kutoka Hungary. Anamfahamu. Anajua pia balaa lililomkuta. Inasimuliwa kwamba alimuuliza amefuata nini London, na jamaa akajibu kwa upole tu kuwa amekuja kujifunza.

Mashindano yakapigwa. Huyo aliyekuja kujifunza akapata pointi 580 kati ya 600, dhahabu na rekodi mpya ya dunia. Bingwa wa dunia akaishia 571 na kuondoka na fedha. Inasimuliwa kuwa Muargentina alimfuata akamwambia sasa umeshajifunza vya kutosha.

Jina lake Károly Takács. Unaambiwa kila risasi aliyopiga siku hiyo aliipiga kwa mkono wa kushoto, wakati miaka kumi nyuma alikuwa mtu wa mkono wa kulia.

SAJENTI ALIYENYIMWA NAMBA

Takács alizaliwa Budapest mwaka 1910 na akaingia jeshini. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 alikuwa moto kwenye bastola, lakini Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 hakwenda. Si kwamba kiwango kilishuka. Alikuwa sajenti, na jeshi la Hungary lilikuwa linapeleka maofisa tu. Ni sawa na straika anayefunga kila wiki kuambiwa timu ya taifa ni ya watu wenye nyota mabegani.

Utaratibu huo ukaondolewa baadaye, naye akaanza kuipigia hesabu Olimpiki ya 1940. Mwaka 1938, kwenye mazoezi ya kijeshi, bomu bovu la kutupa kwa mkono likalipuka likiwa bado kiganjani mwake. Mkono wa kulia, ule wa kazi, ukaharibika kabisa. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Mchukue straika unayemwamini kuliko wote. Mwambie mguu wa kulia basi tena, kuanzia kesho atapiga kwa kushoto, na penalti ya kwanza ni ya fainali. Wengi wangetundika daluga. Takács alikaa hospitali mwezi mmoja, akatoka, akaanza kujifua kimyakimya kwa mkono wa kushoto bila kumtangazia mtu.

Mwaka 1939 akaibuka kwenye mashindano ya ubingwa wa Hungary. Inasemekana wenzake walimfuata kumpa pole, wakidhani amekuja kutazama. Kumbe amekuja kushindana. Akaubeba ubingwa.

KUMI YA UKUBWA WA KIFUNGO

Sasa swali la msingi. Inawezekanaje mtu akahamisha ustadi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine? Jibu lipo kwenye namna bastola inavyofanya kazi, na hapo ndipo anayeanza mchezo huu anapoanza kusoma.

Takács alikuwa anashindana kwenye bastola ya kasi ya mita 25. Shabaha tano zinasimama upande kwa upande, na kila moja inatakiwa ipate risasi yake ndani ya sekunde nane, kisha sita, kisha nne. Mwanafunzi wa leo hapelekwi huko. Anaanzia kwenye bastola ya upepo ya mita 10, haina kishindo kikubwa na haimrushi mkono.

Mita 10 ni karibu zaidi ya nukta ya penalti, ambayo iko mita 11 kutoka golini. Lakini mpiga penalti ana goli la upana wa mita 7.32. Mwenye bastola ana duara la pointi kumi lenye upana wa milimita 11.5, sawa na kifungo cha shati. Tena anashika kwa mkono mmoja tu, umenyooka, bila kuegemea popote.

Wengi wanadhani siri ni jicho kali na mkono usiotikisika. Ukweli ni kwamba hakuna mkono usiotikisika. Hata bingwa wa Olimpiki bastola yake inacheza. Anachofanya ni kuukubali mtikisiko ule na kutouongezea mwingine.

MACHO YAKAE WAPI?

Juu ya bastola kuna vitu viwili vya kulengea. Mbele, karibu na mdomo wa mtutu, kuna kinundu. Nyuma, karibu na mkono, kuna kibao chenye pengo. Kazi ya mpigaji ni kukiweka kile kinundu katikati ya pengo, vichwa vikiwa sawa, mwanga wa kushoto ulingane na wa kulia.

Hapa ndipo wanaoanza wanapopotea. Wanakodolea macho shabaha. Wanataka waione vizuri, na wakiiona vizuri kinundu kinakuwa ukungu. Mwalimu atakwambia kinyume chake: kinundu cha mbele kionekane vizuri kama maandishi ya gazeti, shabaha iache iwe na ukungu.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwenye bastola ambayo kinundu na pengo vimeachana kwa sentimita 35 hivi, kinundu kikitoka katikati kwa milimita moja tu, risasi inakosea kwa takribani milimita 28 ikifika mita 10. Kutoka kumi umeshaangukia saba. Lakini mkono mzima ukisogea pembeni milimita moja, kinundu na pengo vikiwa bado vimekaa sawa, risasi nayo inasogea milimita moja ileile. Bado uko kwenye kumi.

Mwenye mpira anaielewa hii haraka. Anayepiga penalti huku anamtazama kipa badala ya mpira, tunajua mara nyingi mpira unaishia wapi.

Kuna na suala la jicho. Kila mtu ana jicho linaloongoza, kama alivyo na mguu wa kupigia. Ukitaka kujua la kwako, unganisha viganja uache katundu kadogo, chungulia kitu cha mbali kwa macho yote mawili, kisha funga jicho moja moja. Jicho linalobaki na kile kitu ndilo linaloongoza. Wapo wenye mkono wa kulia na jicho la kushoto, na ni bora mtu alijue hilo mapema.

KIDOLE NDIYO MWAMUZI

Ukishapanga yote hayo, kimebaki kidole, na kidole ndicho kinachoharibu kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Anayeanza anasubiri mpaka aone kila kitu kimetulia, halafu anajiambia sasa, na kukivuta kifyatulio kwa pupa. Pupa ile inakwenda na mkono wote. Vidole vingine vinabana, kifundo kinainama, mtutu unashuka, risasi inatua chini. Mwenyewe anaapa alilenga katikati, na ni kweli alilenga katikati. Tatizo limetokea katika ile nukta ya sekunde ya mwisho.

Mafundi wanafanya tofauti. Kidole kinagusa kifyatulio kwa nyama ya mbele, kinakandamiza taratibu kikielekea nyuma moja kwa moja, bila kuacha na kuanza upya, huku macho yako kwenye kinundu. Risasi itoke yenyewe. Isipotoka ndani ya sekunde chache, macho yanachoka na pumzi inakwisha, basi unashusha mkono, unapumua, unaanza tena. Kushusha mkono siyo woga. Mabingwa wanashusha kila siku.

Mshiko nao una neno lake. Bastola ikae ndani ya kiganja kwa namna ileile kila mara, ibanwe kwa nguvu isiyobadilika, kama unavyomsalimia mtu mzima kwa heshima. Ukiibana sana mkono unatetemeka. Ukiilegeza inacheza.

Mashabiki wa Afrika wana mfano wao. Fainali ya AFCON mwaka 2012 huko Libreville, Didier Drogba alipata penalti kipindi cha pili dhidi ya Zambia, akaipaisha juu ya mwamba. Hakuna aliyewahi kusema Drogba hajui kupiga. Mguu ulikuwa uleule uliofunga mabao kibao. Ni lile tukio fupi la mwisho lililokataa, na Ivory Coast wakaja kulala kwa matuta.

KUFYATUA KAVU

Dawa ya kidole haipatikani kwa kupiga risasi nyingi. Inapatikana kwa kutopiga kabisa.

Walenga shabaha wanaita kufyatua kavu. Bastola inakaguliwa kuwa haina kitu, inakaguliwa tena, risasi zinawekwa chumba kingine, na mtutu unaelekezwa mahali salama. Kisha mtu anasimama mbele ya ukuta mweupe, bila shabaha yoyote, anakandamiza kifyatulio huku anatazama kinundu. Kikibaki palepale wakati kifyatulio kinaachia, amefanya vizuri. Kikiruka, ameiona kasoro yake kwa macho yake, bila kelele ya kuificha.

Kocha ana mtego mwingine. Mwanafunzi akiwa kwenye bastola ya risasi, kocha anamjazia yeye mwenyewe, na mara nyingine anaweka risasi bandia bila kumwambia. Kidole kinavuta, hakuna mlio, lakini mtutu umeshazama chini kama anayekwepa ngumi. Pale mwanafunzi hana la kubisha. Alikuwa anauogopa mlio kabla haujatokea.

Na usihukumu kwa risasi moja. Unapiga tano, unaangalia matundu yamekaaje. Matano yakirundikana pamoja pembeni, mpigaji yuko vizuri, kinachohitaji kurekebishwa ni kilengeo. Yakitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, usiguse kilengeo, rudi kwenye kidole. Anayeanza anahama kila baada ya risasi moja, mwisho anapotea kabisa. Ni kama kocha anayebadili mfumo kila baada ya mechi moja.

Yote haya yana sheria yake. Silaha haichezewi, ni ya uwanja maalumu, mwalimu na kibali. Kidole kinakaa nje ya kifyatulio mpaka mtutu uelekee kwenye shabaha, na kila bastola inachukuliwa kuwa ina risasi hata kama uliitoa mwenyewe.

MZEE WA MKONO MFUKONI

Kama bado unadhani mchezo huu ni wa vifaa na misuli, mkumbuke Yusuf Dikeç. Mturuki huyu ndiye aliyetikisa mitandao wakati wa Olimpiki ya Paris mwaka 2024, akiwa na miaka 51, fulana, miwani ya kawaida na mkono mmoja mfukoni. Watu walicheka wakasema kaja kama anakwenda dukani. Yeye na Şevval İlayda Tarhan wakabeba fedha ya bastola ya upepo ya mita 10 kwa timu ya mchanganyiko, wakizidiwa 16-14 na Waserbia Zorana Arunović na Damir Mikec.

Ule mkono mfukoni haukuwa maringo. Wapiga bastola wengi hufanya hivyo, kwa sababu mkono unaoning'inia unayumbisha mwili. Na ile haikuwa Olimpiki yake ya kwanza. Alikuwa hakosi tangu mwaka 2008. Utulivu ule watu waliouona kwenye picha moja ulikuwa na miaka mingi nyuma yake.

DARASA LILIENDELEA

Sasa mrudie Takács. Bomu lilimpokonya kiganja, halikumpokonya alichokijua. Alijua macho yakae wapi, alijua kidole kinatakiwa kufanya nini na kipi hakitakiwi kufanya. Kidole cha kushoto ndicho kilichokuwa hakijui, na kidole hakifundishwi kwa maelezo. Kinafundishwa kwa kurudia, siku baada ya siku, mpaka kikubali. Bingwa alikubali kuwa mwanafunzi, tena kwa siri, bila wa kumpigia makofi.

Na alisubiri. Olimpiki ya 1940 aliyoiwinda haikufanyika. Ya 1944 nayo ikafutwa. Vita vilikula miaka ambayo mwanamichezo haidai tena. Alipofika London alikuwa na miaka 38.

Miaka minne baadaye, Helsinki 1952, alirudi akiwa na miaka 42. Safari hii mpinzani aliyemfuata kwa karibu zaidi alikuwa Mhungary mwenzake kijana, Szilárd Kun. Takács akapata 579, Kun 578. Pointi moja. Katika risasi 60 zilizopigwa mbiombio, tofauti ya dhahabu na fedha ilikuwa kidole kimoja kutulia mara moja zaidi.

Akawa mtu wa kwanza kutetea dhahabu ya bastola ya kasi kwenye Olimpiki, kwa mkono ambao mwaka 1938 ulikuwa haujui kitu. Mwaka 1956, Melbourne, akajitupa tena uwanjani na kumaliza wa nane. Alifariki Januari 1976, siku chache kabla ya kutimiza miaka 66.