Koth Biro: Jinsi Mashindano ya Ziwani Yalivyokua na Kwa Nini Viwanja vya Mtaani Vinafaa Kulindwa

Mwaka unapokaribia kwisha, vijana wa Eastlands huulizana: Koth Biro yanaanza lini? Haya ni mashindano ya kandanda yanayochezwa katika uwanja wa Umeme, mtaa wa Ziwani, eneo bunge la Starehe. Yalianza miaka ya 1970 na leo ni miongoni mwa mashindano ya mtaani yanayojulikana zaidi nchini.

Jina hilo ni la Kijaluo, na maana yake ni "mvua yaja". Linaoana na msimu wake, kwani mvua za vuli hunyesha Nairobi kati ya Oktoba na Desemba. Mashabiki wamezoea kuona mechi ikianza kwenye vumbi na kumalizikia kwenye matope.

Kwa nini mtaani?

Ziwani, kama Kaloleni, Makongeni na Bahati, ni mtaa uliojengwa kabla ya uhuru kwa ajili ya wafanyakazi wa jiji. Nyumba ni ndogo, na familia nyingi hazina ua wa kuchezea watoto. Kwa hiyo uwanja wa wazi ndio ua wa mtaa mzima. Hapo watoto hucheza baada ya shule, na jioni wakubwa hukutana kutazama mpira na kuzungumza.

Mashindano yalikua kwa sababu ya kalenda pia. Kwa miaka mingi Ligi Kuu ya Kenya ilichezwa kuanzia mwanzo wa mwaka hadi Novemba. Kufikia Desemba wachezaji wa ligi walikuwa mapumzikoni na shule zimefungwa. Wachezaji hao walirudi mitaani kucheza na majirani zao. Fundi wa jua kali aliweza kumkaba mchezaji aliyemwona wiki chache tu zilizopita akichezea klabu kubwa. Mashabiki walijaa kwa sababu kutazama ni bure, na makocha walifika kusaka vipaji. Biashara nayo ilichangamka kwa wauzaji wa mayai ya kuchemsha, smokie na njugu.

Tangu 2019 Ligi Kuu inaanza karibu na Agosti na kumalizika katikati ya mwaka unaofuata, kulingana na kalenda ya soka barani Afrika. Hivyo Desemba ligi inakuwa inaendelea, na klabu nyingi huhofia wachezaji wao kuumia. Mashindano ya mwisho wa mwaka sasa yanategemea zaidi vijana wa mtaani wenyewe.

Mfano wa Mathare

Mwaka 1987 Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, MYSA, kilianzishwa kwa utaratibu ambao baadaye ulisifiwa kote duniani: timu iliyoshiriki kusafisha mtaa ilipata pointi kwenye ligi, kama vile imeshinda mechi. Kutoka hapo ikazaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu mwaka 2008.

Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli, umetoa ndugu wawili. McDonald Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan mwaka iliposhinda Ligi ya Mabingwa Ulaya, 2010. Mdogo wake, Victor Wanyama, alijiunga na Southampton mwaka 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Sheria inasema nini?

Mashindano kama haya hayahitaji jukwaa la kifahari, lakini bila uwanja hayawezi kufanyika. Jiji linapojengwa upya, nafasi wazi ndiyo ya kwanza kumezewa mate. Ukuta ukishajengwa, ni vigumu sana kuirudisha.

Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inasema kwamba ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti inashikiliwa kwa niaba ya wakaazi wake na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Jedwali la Nne linaipa kaunti jukumu la michezo, utamaduni na maeneo ya burudani. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake.

Unachoweza kufanya

Kwanza, jua hadhi ya uwanja wa mtaa wako. Uliza katika ofisi ya wadi kama umeorodheshwa kuwa ardhi ya umma. Rekodi za ardhi za Nairobi pia hutafutwa kupitia mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa mwaka 2021.

Pili, fuatilia matangazo ya kubadilisha matumizi ya ardhi. Mkaazi ana haki ya kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Usingoje mabati yazungushwe.

Tatu, hudhuria vikao vya maoni kuhusu bajeti na mipango ya kaunti. Pendekezo mahususi, kwa mfano mtaro wa maji, taa au choo cha uwanja, hufuatiliwa kwa urahisi kuliko lalamiko la jumla.

Nne, sajili klabu yako kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Klabu iliyosajiliwa ina viongozi wanaotambulika kisheria, na ni rahisi kwake kuomba ufadhili au kuusemea uwanja wake.

Na mechi inapokwisha, tuzoe taka zetu kabla ya kuondoka. Uwanja uliotunzwa ni vigumu kwa mtu kudai kwamba hauna mwenyewe.