Dawa ya Kwanza ya MS Katika Umri wa Ujana

Ugonjwa wa multipo sklerosisi, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake MS, huwapata wengi wakiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, kwa hiyo uamuzi wa dawa ya kwanza mara nyingi humkuta mtu akiwa bado masomoni, au ndio kwanza ameajiriwa, au anafikiria ndoa na watoto.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huigeukia mielini, yaani utando wa mafuta unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo na kuwezesha ujumbe kupita kwa kasi. Utando huo unapochunika, ujumbe huchelewa au hupotea njiani, ndipo mgonjwa anapopata ukungu katika jicho moja, ganzi ya miguu au kuyumba anapotembea. Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris aliyeueleza ugonjwa huu kwa utaratibu mwaka 1868, aliutaja kwa mabaka magumu aliyoyaona katika ubongo wa marehemu. Kwa walio wengi dalili huja kwa mashambulio, yaani huzuka kwa siku au wiki kadhaa kisha hupungua, na utulivu huo hudanganya, kwa kuwa picha za MRI huweza kuonyesha mabaka mapya hata pale ambapo mgonjwa hahisi lolote. Ubongo wa kijana una akiba ya kufidia hasara, lakini akiba hiyo hutumika kimyakimya, na dawa zilizopo huzuia uharibifu mpya bila kuweza kurudisha kilichokwisha kupotea.

Kabla ya mwaka 1993, Marekani ilipoidhinisha interferoni beta, hapakuwa na dawa yoyote iliyoidhinishwa kubadili mwenendo wa MS. Leo zipo zaidi ya 20. Interferoni na glatirameri, ambazo ni sindano za zamani, zina usalama unaofahamika vizuri, ila hupunguza mashambulio kwa takriban theluthi moja tu. Katikati vipo vidonge vya aina kadhaa. Zenye nguvu zaidi ni pamoja na natalizumabu, ambayo huzuia seli za kinga zisivuke kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, na kundi la okrelizumabu, ofatumumabu na rituksimabu, ambazo huondoa katika damu seli za kinga ziitwazo seli B. Okrelizumabu hutolewa kwa dripu kila baada ya miezi sita, na ofatumumabu mgonjwa hujichoma mwenyewe nyumbani mara moja kwa mwezi.

Hapo ndipo madaktari wanapotofautiana. Wapo wanaopanda ngazi, yaani huanza na dawa ya upole na kuongeza nguvu ugonjwa ukiendelea, na wapo wanaoanza moja kwa moja na dawa yenye nguvu. Tafiti mbili, TREAT-MS na DELIVER-MS, zilianzishwa mahsusi kuzilinganisha njia hizo. Katika jaribio la Sweden lililochapishwa mwaka 2022, wagonjwa takriban 3 kati ya kila 100 waliopewa rituksimabu walipata shambulio katika miaka miwili, ilhali kwa waliomeza vidonge vya dimethili fumarati walikuwa 16. Ni vigumu kuitazama tofauti hiyo na bado kushikilia kwamba kijana asubiri aumie kwanza ndipo apewe dawa iliyo bora, ingawa nguvu hiyo nayo ina gharama zake.

Gharama ya kwanza hutokana na utambuzi usio sahihi. Upo ugonjwa mwingine, niuromielaitisi optika, unaofanana na MS na unaoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na baadhi ya dawa za MS, zikiwemo interferoni, fingolimodi na natalizumabu, huweza kuuzidisha. Kwa hiyo mgonjwa mwenye asili hiyo ambaye dalili zake zimeegemea macho na uti wa mgongo ana haki ya kuuliza kama amepimwa kingamwili za akwaporini-4, ambazo ni alama ya ugonjwa huo mwingine, kabla ya kuandikiwa dawa.

Gharama ya pili ni maambukizi. Natalizumabu iliondolewa sokoni mwaka 2005 kwa sababu ya maradhi hatari ya ubongo yaletwayo na virusi vya JC, ikarejeshwa mwaka 2006 kwa masharti, na siku hizi kipimo cha damu huonyesha nani yumo katika hatari kubwa zaidi. Dawa zinazoondoa seli B huweza kuiamsha homa ya ini ya aina B iliyolala mwilini, na kwa aliyekulia Afrika Mashariki kipimo cha homa hiyo, pamoja na cha kifua kikuu, si cha kupuuzwa. Tena chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai waliodhoofishwa, hivyo haitolewi kwa mtu ambaye seli zake B zimeondolewa. Mswahili anayeishi London au Toronto na anayetarajia kwenda Uganda, nchi inayodai cheti cha chanjo hiyo, anapaswa kuchanjwa wiki kadhaa kabla ya kuanza dawa.

Suala la uzazi linastahili kuzungumzwa siku ya kwanza, hata kama mgonjwa hana mchumba. Vidonge vya teriflunomidi na kladribini huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Fingolimodi nayo haifai wakati wa ujauzito, na ikiachwa ghafla ugonjwa huweza kurudi kwa ukali kuliko awali. Glatirameri huweza kuendelea kutumika wakati wa ujauzito. Ujauzito wenyewe hutuliza MS, hasa miezi mitatu ya mwisho, lakini mashambulio huongezeka katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua, na mpango wa dawa lazima uikumbuke miezi hiyo.

Bei nayo huamua mengi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Ya mwisho ilikuwa tayari katika orodha hiyo kwa ajili ya saratani za limfu, kwa hiyo kwa kijana wa Nairobi au Dar es Salaam dawa yenye nguvu inayoweza kumfaa huenda tayari inafahamika vyema kwa wafamasia wa wodi ya saratani.